Fomu Niliyomjazia Mama

Mama yangu hakujua kusoma, na mimi nilijua sana. Shida yote ilianzia hapo, ingawa kwa miaka mingi nimewaambia watu, na kujiambia mwenyewe, kwamba ilianzia kwenye chama, au kwa wanaume, au kwenye mila. Ni rahisi kuilaumu mila. Mila haina mdomo wa kukujibu.

Tuliishi Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati Mpanda ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Wazazi wangu walikimbia Burundi wakiwa vijana wabichi, wakakutana huku huku wakati msitu unafyekwa, wakaoana, wakapewa shamba kando ya barabara ya kijiji. Mimi ni mtoto wao wa pili na msichana wa kwanza. Karibu kila nyumba ililima mahindi ya kula na tumbaku ya kuuza, na tumbaku ndiyo iliyotuezekea mabati na kutuvalisha sare za shule.

Sitaki kuwadhulumu wanaume wa kwetu. Walijenga mabani ya kukaushia majani, walikata kuni, walichochea moto siku sita saba mfululizo hadi macho yakawa mekundu. Lakini kitalu kilimwagiliwa na wanawake, majani yalichumwa na wanawake, wanawake wakayafunga kwenye fito, na yakishakauka yalirudi mikononi mwao tena ili yachambuliwe na kupangwa madaraja. Kisha siku ya soko marobota yalipakiwa kwenye mkokoteni, baba akavaa shati safi, akaenda kuuza tumbaku yake. Ndivyo tulivyosema wote, hata mama mwenyewe. Tumbaku ya baba.

Katika kupanga madaraja mama hakuwa na mpinzani barabara nzima. Alikaa chini ya banda la nyasi, miguu ameinyoosha, majani mapajani, akapitisha kila jani kati ya gumba na kidole cha shahada mara moja tu. Sisi wengine tuliangalia rangi kwanza. Yeye alipapasa unene, akapapasa mafuta ya jani, akajua kama liliungua kidogo bani lilipozidi moto. "Hili la chini. Hili la kati. Hili liweke pembeni, hili linatudanganya." Wanawake kumi na kitu wa barabara yetu walichambua kwa kusaidiana, leo kwetu, kesho kwa jirani, na wakibishana juu ya jani walimpelekea yeye. Hakuna aliyemchagua kuwa mkubwa wao. Ilitokea tu, na hakuna aliyelalamika, maana alikuwa mkali kwa majani na mpole kwa watu.

Ghala la chama, ule ushirika wa wakulima wa tumbaku, lilikuwa karibu na shule ya msingi. Siku ya soko walizungusha kamba ya katani kwenye uwanja wa ghala. Ndani ya kamba waliingia wanunuzi, wajumbe wa kamati ya chama, na mteuzi, yule mtaalamu aliyekuja kutaja daraja la kila robota. Wanachama walisimama kwenye kamba. Wanawake na watoto walisimama nyuma ya wanachama, ambako kazi yao ilikuwa kuangalia migongo.

Mwaka niliokuwa darasa la saba, mteuzi alifungua robota letu, akachomoa majani mawili matatu, akataja daraja la chini kabisa. Baba alikuna kichwa. Angesema nini? Tangu azaliwe hakuwahi kuchambua hata jani moja. Wajumbe wa kamati nao wakakuna vichwa, kwa sababu na kwao walichambua wake zao. Ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma kabisa, juu ya vichwa vya watu.

"Bwana, umechomoa ya pembeni. Hayo yamepigwa na umande njiani. Ingiza mkono katikati, shika, usiangalie."

Watu walicheka. Mteuzi hakucheka. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa, akachomoa jani jingine, akalinusa. Kisha akataja daraja jingine, la juu zaidi kwa hatua mbili, na karani akaandika. Baba alitazama viatu vyake, lakini nilimwona anatabasamu.

Baada ya hapo mwanaume mwingine akamwomba mama aseme na kwake, na mwingine tena. Jua lote la mchana lile mama alipiga kelele kutoka nyuma ya mabega ya wanaume, mteuzi akamsikiliza, na jioni sauti ilikuwa imemkauka. Lakini ile kamba hawakuiinua. Nakumbuka hilo kuliko yote: watu walimhitaji mchana kutwa, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kumwinulia kamba apite.

Njiani kurudi nyumbani jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwanamke mfupi, mcheshi, rafiki mkubwa wa mama, alisema kwamba mwaka ujao mama lazima awe ndani. Mwanzoni ilikuwa utani. Kufika nyumbani haikuwa utani tena. Ili uingie ndani ya kamba sharti uwe kwenye kamati. Ili uwe kwenye kamati sharti uwe mwanachama. Ili uwe mwanachama sharti uwe na namba yako, na ili upate namba sharti uwe na shamba. Waliihesabu ile ngazi kwenye vidole, wakaona inapandika.

Chama kilikuwa kimetangaza kwamba mwanamke mwenye shamba lake anaweza kuandikishwa kwa jina lake mwenyewe. Kilitangaza kwa sauti ndogo, nadhani kikiamini hatakuja mtu. Mama akafyeka nusu eka ukingoni mwa msitu, upande wa juu wa shamba letu, yeye na wenzake watatu wakisaidiana. Alimwomba baba ruhusa kwanza. "Lima," baba alisema. "Nani amekukataza?" Ndivyo alivyokuwa baba yangu. Hakuzuia kitu wala hakusukuma kitu.

Wenzake walimwekea matumaini ambayo hayakuwa madogo. Walitaka mtu anayejua jani awe mezani linapotajwa daraja. Walitaka, kwenye nyumba ambayo mwanaume amekufa au ameondoka, mwanamke asiambiwe arudi na shemeji yake ndipo robota lake lipokelewe. Yalikuwa mambo mawili tu, tena ya kawaida kabisa. Mama aliyasema kila siku bandani, akiyanyoosha kama anavyonyoosha jani, na wenzake wakaitikia.

Basi siku moja mama akaja na fomu. Ilikuwa asubuhi, nimemaliza mtihani wa darasa la saba, nasubiri matokeo na kujisikia mkubwa. Pale barabarani petu mimi ndiye niliyeandikia watu barua. Nilisifiwa. Watu wazima walinipisha kwenye kigoda ili nikae vizuri niandike. Mtoto wa miaka kumi na minne ukimpisha kwenye kigoda mara nyingi namna hiyo, anaharibika, na mimi nilikuwa nimeshaharibika, sema tu hakuna aliyeona.

"Andika mimi," mama alisema. "Kila mahali wanapouliza, andika mimi."

Niliisoma fomu kimya. Jina la mwombaji. Mkuu wa kaya. Mwenye shamba. Mke au mume. Nikaanza kusita. Baba alikuwa ametulea kwa hofu moja kubwa, nayo ni hofu ya karatasi. Ndani ya sanduku lake alikuwa na kadi ya familia aliyopewa na ofisi ya makazi. Kwenye kadi ile yeye ni mkuu, mama ni mke, shamba ni lake, sisi ni watoto. Alituambia mara kwa mara, "Karatasi zetu zote ziseme kitu kimoja. Zikitofautiana watatuuliza, na sisi si wa hapa." Watoto wa wakimbizi wa barabara ile wote walikua na wasia huo. Watoto wa Magamba, kijiji cha nje ya makazi, waliokuwa raia tangu tumboni, wasingeelewa hofu hiyo hata uwaeleze mchana kutwa.

"Mama, wewe si mkuu wa kaya," nilisema.

"Shamba nimelifyeka mimi."

"Lakini kwenye kadi..."

"Mwana wanje," akanikatiza kwa Kirundi, mwanangu, "andika tu."

Ningeweza kumweleza hofu yangu. Ningeweza kumwambia twende kwa katibu wa chama tukamuulize. Angenisikiliza, hakuwa mtu wa kupuuza. Lakini nilikuwa na ile huruma mbaya, huruma ya aliyeshika kalamu kwa asiyeishika. Nilijiambia haelewi. Nilijiambia nyumba ni moja, namba ni namba, jina litakuwa la baba au la mama tumbaku itauzwa tu. Nikainama, na kwenye nafasi ya mwombaji nikaandika jina la baba, kwa mwandiko wangu mzuri ulionipa sifa. Kwenye nafasi ya mwenye shamba nikaandika la baba. Jina la mama nikaliweka chini, kwenye nafasi ya mke, mahali ambapo nililiona limezoea kukaa.

"Soma," mama akasema.

Nikasoma. "Jina la mwombaji," nikasema, na nikataja jina la mama. "Mwenye shamba," nikasema, na nikataja jina la mama tena. Nilisoma bila kukwama, macho yangu yakiwa juu ya jina la baba. Mama alisikiliza kichwa ameinamisha, kama watu wanavyosikiliza sala. Nilipomaliza alinishika shavu. Kisha akapaka wino wa kalamu kwenye gumba lake la kulia, akabonyeza pale nilipomwonyesha.

Nimewahi kusema uongo mwingi maishani, kama kila mtu. Ule ndio pekee ambao bado nausikia kwa sauti yangu.

Mvua zikaja, na mambo yakaenda vizuri kiasi cha kunisahaulisha. Mama alipata namba kwenye kikaratasi, akakifunga kwenye pindo la kitenge. Siku za kugawa mbegu na mbolea waliita namba, hawakuita majina, naye aliinuka namba yake ilipoitwa, akapokea, akarudi na mfuko kichwani huku wenzake wanapiga vigelegele. Matokeo yakatoka. Nilichaguliwa kwenda sekondari Mpanda mjini, msichana wa kwanza kutoka barabara yetu. Kutoka kwenye makazi mkimbizi alihitaji kibali, na kibali cha mwanafunzi kilianza na barua ya mwenyekiti wa kijiji, kila muhula barua mpya. Mama alikwenda kuifuata yeye mwenyewe. Nilivaa viatu vyeusi, nikapanda lori la mahindi, nikaenda kuwa msomi kwelikweli.

Niliporudi likizo ya Juni, tumbaku ya nusu eka ile ilikuwa imeshakauka. Sijaona majani kama yale. Hata baba alikuja bandani, akashika moja, akalirudisha taratibu kama ameazima. Wanawake walikuwa wanachambua na kuimba, na habari ilikuwa moja, mkutano mkuu wa chama wiki hiyo, kabla ya soko kufunguliwa. Nafasi mbili za kamati zilikuwa wazi. Hata wanaume walikuwa wamekubali. Mwanaume mmoja, yule wa kwanza aliyeomba mama amsemee kwa mteuzi, ndiye aliyesema atampendekeza.

Sikuwa na wasiwasi wowote. Hilo nalo naliungama. Nilikwenda mkutanoni na sare yangu ya shule, ili nionekane.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wanachama walikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, wanawake wasio wanachama tukakaa kwenye nyasi upande mmoja. Mezani alikaa katibu wa chama na daftari kubwa, na kando yake mwenyekiti wa kijiji, mgeni mwalikwa. Mama alikaa kwenye dawati, mwanamke peke yake, amevaa kitenge chake cha Krismasi, mikono ameificha chini ya kitenge kwa sababu kucha zilikuwa nyeusi kwa tumbaku.

Yule mwanaume akasimama, akataja jina la mama. Wakaunga mkono watu wengi, na upande wetu wa nyasi vigelegele vikapanda hadi katibu akagonga meza. Kisha akafungua daftari, kama utaratibu ulivyotaka, aione namba ya mgombea. Akapitisha kidole. Akarudi juu. Akapitisha tena.

"Namba hii si ya huyu mama," alisema. "Namba hii ni ya mzee." Akataja jina la baba. "Na mzee ana namba nyingine tena hapa juu. Mtu mmoja ana namba mbili. Hii imekuwaje?"

Wanaume wakaanza kumgeukia baba, na kuwa na namba mbili halikuwa jambo dogo, kulikuwa ni udanganyifu. Mama akasimama. Hakuogopa hata kidogo, na hiyo ndiyo inayoniumiza.

"Jina langu limo," alisema. "Tafuta vizuri, ndugu katibu. Fomu aliijaza binti yangu, akanisomea, nikasikia kwa masikio yangu."

Katibu akaitafuta fomu ndani ya faili, akaiinua juu. Hata kwa mbali niliuona mwandiko wangu mzuri. "Binti yuko wapi?" akauliza. Wanawake wakanisukuma mbele kwa furaha, wakidhani ninakwenda kumwokoa mama yangu. "Wewe msomi wetu," katibu akasema, si kwa ubaya, "hapa uliandika jina la nani?"

"La baba," nikasema.

"Kwa nini?"

Nilimwangalia mama. Alikuwa ananitazama kwa subira, na bado alikuwa anatabasamu kidogo, akisubiri nieleze kosa lilipotokea. Nilimwangalia baba, nikamwangalia mwenyekiti wa kijiji na kalamu yake, nikaangalia watu wote wale walionizoea nikiwa hodari. Nikasema, "Mama ndiye aliyeniambia niandike hivyo."

Tabasamu lilimtoka mama polepole sana. Alinitazama, halafu akatazama meza, halafu akanitazama tena, na nikajua ameelewa yote kwa mara moja, ya siku ile na ya siku ya fomu. Alikuwa na haki ya kusema neno moja tu: mwongo. Nilikuwa nimeshainamisha kichwa kulisubiri.

"Basi nilisahau," mama akasema. "Ni kweli. Ni mimi niliyemwambia. Mnisamehe."

Akakaa. Kisha akaona kwamba lile dawati si lake, akainuka, akaja kukaa nasi kwenye nyasi.

Namba ile ilifutwa. Tumbaku ya nusu eka ikaingizwa kwenye namba ya baba, na siku ya soko baba alivaa shati safi kama kawaida. Nafasi ya kamati alipata mwanaume mwema tu, mtu wa watu, ambaye hakujua kutofautisha jani la chini na la kati hata ungemwekea moja kila mkono. Mteuzi alipotaja madaraja aliitikia kwa kichwa. Mama alikuwa nyuma ya migongo, na safari hii hakupiga kelele. Wenzake walimgusa bega wamsihi aseme, akatikisa kichwa.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye, tena kidogo kidogo. Miaka iliyofuata, kila mwanamke alipokwenda kuomba namba, kuna mtu alimkumbusha. "Mnamkumbuka yule mama? Aliomba namba, akasahau ameiombea nani." Wakacheka. Mjane mmoja wa barabara ya pili aliambiwa hivyo hivyo, akarudi na shemeji yake. Nilikuwa nasoma Mpanda wakati huo, nafundishwa haki za raia, najibu vizuri kwenye mtihani.

Nilimkiria mama nilipomaliza kidato cha nne. Nilikuwa nimejiapiza njia nzima kutoka mjini. Nilimkuta bandani peke yake, anachambua, nikakaa kando yake nikashika majani ili mikono iwe na kazi, nikamwambia kwamba siku ile ya fomu nilisoma kitu ambacho hakikuandikwa.

"Najua," alisema. "Nilijua pale pale mkutanoni."

"Mbona hukusema?"

Alimaliza jani alilokuwa nalo, akaliweka kwenye rundo lake. "Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa pale. Angesikia kwamba unaghushi karatasi, nani angekuandikia barua ya kibali? Shule yako isingengoja. Kamati nilidhani itangoja. Nilidhani mwakani nitarudia." Akachukua jani jingine. "Mwakani nikaona namna wanavyocheka, nikaacha."

Nilianza kulia. Alinipa pindo la kitenge chake nijifute, akaniambia nisiyaloweshe majani. Alinisamehe, sina shaka hata leo. Alinipikia, alinifungia mahindi ya kurudi nayo, alikuja kwenye harusi yangu akacheza hadi akaumwa goti. Kwa hiyo nikadhani yameisha. Ningekuwa na akili za jani moja tu la mama yangu, ningejua hayajaisha.

Karibu na mwisho wa miaka ile ya tisini nilikuwa mwalimu, nafundisha shule iliyo nje kidogo ya mji, na nikasikia chama kinaandikisha wanachama upya, na kwamba safari hii wapo wanawake waliokwisha kupata namba. Nilikwenda kuchukua fomu mwenyewe. Niliijaza mezani kwangu, taratibu, nikaweka jina la mama kwenye kila nafasi. Nilipanga ombi langu la msamaha lote ndani ya karatasi ile. Jumamosi nikapanda baiskeli, nikafika nyumbani kabla ya jua kuwa kali.

Mama alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. Moshi wa mabani ulikuwa umemchosha macho, na vidole vilikuwa vimeanza kupinda. Nilimwambia nimemletea nini. Alifurahi, nilimwona anafurahi. Aliipokea fomu kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigeuza tena. Nikanyoosha mkono nimsomee.

Hakunipa. Aliinuka, akaenda hadi kwenye ua, akamwita yule jirani yetu wa nyumba ya tatu. Nilikuwa nimesahau kwamba jirani alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima mwaka uleule baada ya mkutano, yeye na wengine sita wa bandani. Alikuja anafuta mikono, akanisalimia kwa shangwe, akaniuliza watoto, akakaa kwenye kigoda. Mama akamkabidhi karatasi.

Alisoma kwa shida sana. Alifuata kila neno kwa kidole, akatamka silabi moja, akapumzika, akatamka nyingine, akarudi nyuma alipopotea. Mstari ambao mimi ningeusoma kwa pumzi moja ulimchukua muda mrefu. Sikumsaidia. Nilisimama pale na cheti changu cha ualimu, nikasikia jina la mama yangu linatoka vipande vipande kwenye mdomo wa mtu mwingine, kwenye nafasi ya mwombaji, kisha kwenye nafasi ya mwenye shamba.

"Soma tena," mama akasema.

Jirani akasoma tena, kuanzia juu. Alipomaliza akamwangalia mama, akasema, "Ni wewe. Kote ni wewe."

Mama alivuta pumzi, akaniomba kalamu ya wino. Nilipompa alinishika mkono, akaushikilia kidogo.

"Usikasirike, mwana wanje," alisema. "Nilitaka tu nisikie kwa mtu mwingine."